Yoshito wa Ghorofani

Sendai, 6 Novemba 2016

Mdogo wangu Yoshito,

Habari za huko Akabira? Theluji imeshaanza, au bado inawatishia tu? Huku kwetu hatujambo. Mgongo unanisumbua kidogo, ndiyo shida ya kukaa kwenye kiti cha ofisi kutwa, lakini nakula na kulala vizuri. Shemeji yako Noboru bado yuko Hiroshima walikomhamishia kazi. Akija nyumbani anauliza taulo ziko wapi, kama mgeni. Mpwa wako Ryohei ana miaka kumi na mitano sasa, na kwa urefu ameshanipita.

Nakuandikia barua kwa sababu simu hupokei na ujumbe hujibu. Nimemwomba Mama aiweke kwenye sinia lako la chakula, pale mlangoni pako. Ukiimwagia supu ni shauri yako.

Jana nilimsikia Ryohei anacheza gemu na rafiki zake, nikasema niwapelekee machungwa. Naingia chumbani, yuko peke yake! Amevaa vile vya masikioni anafoka, "Zunguka nyuma! We mjinga, nyuma!" Kumbe hao rafiki kila mmoja yuko kwao. Nikabaki nimesimama na sahani yangu.

Nikaikumbuka Famikomu yetu, ile mashine ya gemu nyekundu na nyeupe. Waya za padi za kuchezea zilikuwa fupi mpaka tunakaa tumebanana mbele ya televisheni kama vifaranga. Padi ya kwanza yangu, ya pili yako, maana mkubwa ni mimi. Yako haikuwa na kitufe cha kuanzia, ila ilikuwa na kipaza sauti, na wewe ulikuwa unapiga chafya humo makusudi. Sauti inalipuka kwenye televisheni, Baba katoka zamu mgodini kajilaza, anaruka juu! Mimi nasema mpaka leo haijatengenezwa mashine iliyoizidi ile. Wewe unasemaje?

Februari tutamfanyia Baba ibada ya kutimiza mwaka tangu afariki. Mama anatamani ushuke kutoka huko ghorofani. Mimi pia.

Dada yako,
Chinatsu


Akabira, 20 Novemba

Dada,

Salamu zako zimenifikia zikiwa kavu kabisa. Mimi mzima. Theluji ipo; sijaiangalia, ila sauti za nje zimekufa, basi najua.

Kuhusu Famikomu umekosea, na umeanza kukosea zamani. Vitufe viwili tu, dada! Na kaseti haiwaki mpaka uipulize upate kizunguzungu. Mashine ni Supa Famikomu. Vitufe vinne vya rangi, na vingine juu kwa vidole vya shahada. Muziki je? Mara ya kwanza mvua iliponyesha ndani ya gemu nilikwenda dirishani kuangalia kama nguo zimeanuliwa. Wakati ule watengenezaji walikuwa wameshaijua kazi ya picha bapa kama mpishi anavyojua sufuria yake. Halafu zikaja diski. Unakaa unasubiri gemu ifunguke mpaka wali unaiva. Gemu zikawa ndefu, za mtu mmoja, na wewe ulikuwa umeshaondoka. Nimezicheza zote, nyingine tena na tena, na sikumbuki hata moja iliishaje.

Mashine zote ninazo hapa, nimezipanga ukutani kizazi baada ya kizazi, pamoja na televisheni yetu nene ya zamani. Hizi nyembamba sizitaki, ukibonyeza zinachelewa. Siku nikiwa vibaya nacheza gemu za zamani. Siku nikiwa sawa nacheza hizo hizo.

Ya ibada ya Baba tuyaache. Siku ya mazishi nilimsikiliza mtawa kupitia sakafuni, kuanzia mwanzo mpaka watu walipovaa viatu. Inanitosha.

Mdogo wako,
Yoshito


Sendai, 4 Desemba

Mdogo wangu,

U hali gani? Ya ibada nimeyaacha kama ulivyosema. Mgongo wangu una nafuu.

Nimekwenda duka la mitumba nikanunua hiyo Supa Famikomu yako. Nikaketi sebuleni, mwanamke mzima, miguu imefunikwa blanketi chini ya meza ya joto. Gemu ikaniuliza: mchezaji mmoja au wawili? Nikaitazama skrini weee, nikabonyeza wawili. Yule wa pili akasimama palepale alipowekwa. Akafa, akarudi, akafa tena. Ryohei akapita kufuata juisi.

"Mama, unafanya nini?"

"Nacheza."

"Na nani?"

"Na mjomba wako."

Akanitazama, akachukua juisi yake, akaenda zake.

Ila nakiri muziki ni mzuri. Vitufe vimezidi.

Sasa jambo jingine. Juzi nilimpigia Mama, akaniuliza kama leo shuleni tumekula. Nikadhani anatania, nikacheka, naye akacheka, lakini nadhani alicheka kwa sababu mimi nimecheka. Wewe unaishi naye. Hujaona kitu?

Dada yako,
Chinatsu


Akabira, 15 Desemba

Dada,

Natumai mko salama.

Umesema naishi naye. Mimi naishi juu yake. Ninachojua ni sauti: maji, kisu kwenye ubao, redio. Lakini kwa kuwa umeuliza, nimesikiliza. Wiki hii ameniletea kifungua kinywa mara mbili asubuhi moja, wali, supu ya miso na samaki, halafu tena wali, supu ya miso na samaki. Mchana hakuleta kitu. Jana alisimama mlangoni kwangu akasema, "Baba Yoshito, maji ya kuoga yameshapata moto." Taratibu tu, alivyokuwa akimwambia Baba. Nilipofungua mlango kidogo alikuwa ameshashuka.

Naogopa, dada. Niambie la kufanya. Niambie kama zamani, bonyeza hiki, sasa ruka, sasa hiki.

Mdogo wako,
Yoshito


Sendai, 19 Desemba

Yoshito,

Sina salamu ndefu leo. Shuka. Kaa naye mezani, ule naye. Ni hilo tu kwanza, mengine nitayafanya mimi kwa simu. Ningekuja leo, ila Ryohei ana mitihani ya kuingia sekondari na baba yake hayupo. Bi Hatakeyama wa jirani nimempigia, hapokei.

Shuka, mdogo wangu. Ngazi ni zilezile.

Dada yako


Sendai, 8 Januari 2017

Yoshito,

Heri ya mwaka mpya. Barua yangu uliipata? Kadi je? Nimepiga simu nyumbani, Mama akasema, "Yoshito hajarudi kutoka shule." Sikucheka safari hii. Jibu hata kwa neno moja. Andika "nipo", uitie posta.

Dada yako,
Chinatsu


Akabira, 21 Januari

Dada Chinatsu,

Kwanza tulia. Mama yupo, ni mzima, amelala hapa karibu yangu. Naandikia kwenye meza ya jikoni. Ndiyo, jikoni.

Barua zako mbili na kadi nimezikuta leo kwenye friji, chini ya tofu. Nilidhani umenikasirikia.

Juzi mchana nikiwa nacheza nilisikia mlango wa mbele unateleza kufunguliwa. Nikangoja ufungwe. Haukufungwa. Nikapunguza sauti ya televisheni. Nyumba kimya, na baridi imeanza kupanda ngazi. Nikaita, "Mama!" Sauti yangu yenyewe ilinishtua. Nikashuka. Mabuti yake ya theluji yapo, yeye hayupo.

Nikasimama pale penye viatu. Unajua sijakivuka kile kizingiti tangu niliporudi kutoka kazini Sapporo. Nikavaa mabuti ya Baba, koti nikalisahau, nikatoka. Mwanga juu ya theluji ulinichoma, nikatembea nimeziba uso kama mwizi. Nyayo zake zilikuwa wazi, nyayo za ndara za ndani, maana hakuna mwingine aliyepita. Mtaa wetu umekwisha, dada. Kwa akina Hatakeyama kumefungwa, kwa mwalimu kumefungwa, nyumba ya kona paa limelala chini. Nilikuwa nikidhani watu wapo, mimi tu ndiye sionekani.

Nilimkuta mbele ya duka la vitu vya kuchezea la Mzee Imazeki. Limefungwa siku nyingi, hata bango halipo. Mama amesimama wima mbele ya mlango wa bati, pochi mkononi, soksi zimelowa.

"Mama, twende nyumbani."

Akanitazama kwa adabu. "Samahani, bwana. Mwisho wa foleni ni hapa nyuma yangu."

"Foleni ya nini?"

"Ya Supa Famikomu. Mzee Imazeki amesema zinakuja chache. Nisipoipata leo kijana wangu atalia mpaka mwaka mpya. Na wewe umekuja kumnunulia mwanao?"

Dada, mimi kumbe sikuwahi kujua ile mashine ilipatikanaje. Niliamka tu nikaikuta mezani.

"Ndiyo," nikasema.

"Basi simama vizuri, watu watakupita."

Nikasimama nyuma yake. Nikavua mabuti ya Baba, nikapiga magoti nikamvalisha. Akaniwekea mkono begani asianguke. Akasema nina malezi mema, mama yangu ana bahati. Tukaendelea na foleni yetu, sisi wawili. Akanihadithia habari zetu. Binti yake ni mkali kama pilipili, hamwachii mdogo wake padi ya kwanza hata kwa dawa. Kijana ni mwoga, ila hana baya na mtu.

Likapita gari la kuondoa theluji. Dereva akashusha kioo. "Nyie, kuna nini hapo?" Nilitaka kukimbia. Nikajisikia nasema, "Tusaidie kufika nyumbani. Mama yangu amepotea."

Mama akageuka kwa hasira. "Nani amepotea? Nimefika kabla yako!"

Nikamnong'oneza dereva habari ya foleni. Ni mtu mwema. Akamwambia mama, mzigo umechelewa njiani kwa theluji, Imazeki atampelekea kila mtu nyumbani kwake. Ndipo akakubali kupanda.

Nimepika uji wa mchele ukaungua. Ameula hivyohivyo, akasema, "Asante, bwana."

Njoo, dada.

Mdogo wako,
Yoshito


Sendai, 23 Januari

Mdogo wangu,

Nakuja Jumamosi. Ryohei mwenyewe amesema niende, tambi za ramen anajua kupika. Funga kengele kwenye mlango wa mbele. Usimwache peke yake hata kidogo. Na miguu yako, ikiwasha usiikune, iweke kwenye maji ya vuguvugu.

Nakuja.

Dada yako,
Chinatsu


Sendai, 22 Februari

Yoshito,

Nimefika salama, na Ryohei amefaulu. Hujambo? Kula yako ikoje?

Nyumba hii imekuwa kubwa tangu nirudi. Nazikumbuka zile wiki zetu tatu, Mama kati yetu mezani, wewe ukimpulizia supu ipoe. Siku ya ibada ya Baba uliketi mbele kabisa, mtawa akanong'ona, "Huyu ni nani?" Nikaona raha kumjibu.

Najua ulitaka abaki nyumbani. Lakini mara mbili aliacha gesi inavuja, na wewe ulikuwa hulali tena. Kule kwenye nyumba ya wazee Takikawa wauguzi ni wapole, nimewaona kwa macho yangu.

Nakuambia tena, njoo ukae nasi. Chumba kipo. Ryohei anauliza kama kweli unazo mashine zote.

Dada yako,
Chinatsu


Akabira, 11 Juni

Dada yangu Chinatsu,

Natumai barua hii itawakuta wazima, na mgongo umetulia. Mimi sijambo. Nimenyoa. Asubuhi nafanya kazi kwenye karakana ya mbao nje ya mji, kupanga na kufagia, hawaniulizi maswali. Mwambie Ryohei ninazo zote na zote zinawaka, aje likizo. Kuja kukaa Sendai siwezi kwa sasa, Mama atakosa wa kumtembelea.

Nyumbani kimya. Nimeishi peke yangu miaka mingi nyumba ikiwa na watu ndani, sasa ndiyo najifunza kuishi peke yangu kweli. Jioni naogopa kuwasha televisheni, kwa sababu nikiizima nasikia kila kitu. Nakula jikoni, naosha bakuli langu moja.

Jumatano napanda basi kwenda Takikawa. Mama ameanza kunizoea. Ananiita "bwana wa Jumatano," ananisogezea kiti. Hajanijua hata siku moja, lakini anapenda aulizwe habari zake, basi namuuliza kama mgeni. Juzi nikamwuliza, "Una watoto, mama?"

"Wawili. Binti yuko mbali. Kijana yuko ghorofani."

"Anafanya nini huko?"

"Anacheza gemu. Watu wananihurumia, hawajui. Jioni mume wangu akiingia kuoga, mimi nakaa kwenye ngazi, pale katikati, nasikiliza. Ukizoea unajua. Akicheza zile za kukimbizana, kakasirika. Akicheza za muziki wa polepole, ana huzuni. Kuna gemu moja ya zamani, akifika mahali fulani anacheka peke yake. Si kila siku. Nikisikia kacheka, nashuka nikaoshe vyombo."

Dada, miaka yote ile sikuwahi kusikia ngazi ikilia.

Nikamshika mkono. Nikasema, "Mama, ametoka. Kijana wako ametoka chumbani. Ameshuka mwenyewe."

Akautoa mkono wake polepole, bila ukali, akauweka mapajani.

"Usinidanganye, bwana," akasema. "Angetoka, angekuja kwangu kwanza."

Ni mimi mdogo wako,
Yoshito