Ua Lako Limehamia kwa Baba

Kitindamimba wangu,

Salamu zangu zikukute umekula, maana nakujua. Na usilale na nywele mbichi.

Ua lako lile la majani kama mahameli ni zima. Sebuleni lilisinyaa, nikalihamishia chumbani kwa baba yako, ambako mapazia hatufungui na sufuria ya maji inachemka kutwa kwa ajili ya kifua chake. Kumbe ndiyo raha yake! Majani yamekuwa mapana kama sinia. Baba yako akasema, "Mama watoto, mvuke unaniwekea mimi, anayenenepa ni huyu." Tukacheka mpaka kikohozi kikamshika.

Usishtuke, mwanangu. Daktari amesema tumpe anachotaka tu. Chakula anaonja, na macho hayaoni vizuri.

Juzi alipapasa akashika jani, akalishikilia kama alivyokuwa akikushika shavu ulipokuwa mdogo. Akauliza, "Umekuja, mama?"

Nikamwambia umekuja, ila umelala, safari imekuchosha.

Tangu hapo kila akizinduka ananiuliza kama umeamka. Njoo, mwanangu, usiniache nikawa mwongo kwa baba yako.

Ni mimi mama yako. Mlango sifungi kwa ufunguo.