Nusu ya Kidonge

Jumatatu, 3 Juni
Uso wa mume wangu umejaa vipele, na daktari kafurahi! Eti ndiyo dalili dawa imeingia kazini. Si dripu, si sindano — kidonge kimoja kila asubuhi, kinaufuata uvimbe wa kwenye pafu hukohuko uliko. Nikamwambia mgonjwa wangu, sura imekwenda lakini mtu ninaye. Akacheka bila kukohoa. Nikaenda kulia jikoni, kwa raha.

Jumatano, 12 Juni
Msumari kaja tena kunywa chai. Yeye na mume wangu ni maseremala, karakana moja tangu ujana, randa moja, gundi moja. Sasa hata ugonjwa mmoja. Ila vipimo vya Msumari vilisema saratani yake si ya aina inayosikia dawa hii. Wananong'onezana kama wachumba. Nikawatania. Wakainamia vikombe vyao.

Jumamosi, 22 Juni
Vipele vimekauka. Majirani wanampongeza, umependeza! Kikohozi kimerudi. Roho haijatulia.

Jumanne, 25 Juni
Nimewafuma. Nilirudi sebuleni kuchukua mkasi wangu wa kushonea — mume wangu kalaza kidonge juu ya kibao, anakipasua kwa patasi. Na kwa ufundi! Nusu yake, nusu ya Msumari. Msumari alipoondoka nikafoka mpaka sauti ikakauka. Nikamtaja daktari, nikawataja watoto. Dawa haimsaidii yule, na wewe inakupungukia! Hakubisha.

"Mama watoto, nimeze peke yangu, naye ananitazama?"

Nikauchukua mkasi wangu, nikatoka.

Alhamisi, 27 Juni
Kopo la dawa nimelifungia kwenye droo ya cherehani. Nimeapa: mume wangu atapewa kidonge kizima, nimesimama mbele yake. Na Msumari nitamwambia ukweli mwenyewe, uso kwa uso.

Kaja mapema. Kanyoa ndevu, kavaa shati la pasi. Amekonda, shingo inaelea kwenye kola. Kabla sijafungua mdomo akanishika mkono.

"Shemeji, usiku kucha sijakohoa. Hii dawa ni kiboko."

Nimekimbilia chumbani, eti natafuta miwani. Kidonge kimo kiganjani, kimeanza kulowa jasho. Ninaandika kwa mkono mmoja. Mungu wangu, nianze na neno gani? Sebuleni glasi za maji ni mbili. Mume wangu ananiita, taratibu, bila hasira.

"Mama watoto. Tunakusubiri."