Nafasi ya Kiwayu

Amu, Jumatano

Dada Hadia,

Hili sijamwambia mtu: nafasi yako ya skuli niliichukua mimi.

Ningeanza na salamu. Msalimie Bibi, mwambie paka wetu amezaa kabatini. Mimi mzima, ila sihisi kitu, kama ufizi uliodungwa ganzi.

Wazikumbuka zile nafasi mbili za wasichana wa visiwa vya kaskazini? Baba aliandika kwamba naishi Kiwayu kwa Bibi kama wewe, na mimi niko naye hapa Amu. Nikanyamaza, nami najua alama zako zazishinda zangu.

Jana darasani tulikuwa na mdahalo: nafasi hizo zifutwe au zibaki? Mwalimu Bakr akaniita, "Haya, Bi Kiwayu, tusemee."

Rumaisa akacheka. "Mbajuni gani wa visiwani huyu, asema kama sisi wa Mkomani, watu wa mjini?"

Nikasimulia unavyokwenda skuli mchangani na viatu mkononi visichakae, na unavyosoma kwa tochi ya simu ya Bibi. Nikasema huyo ndimi. Kura ya darasa ikasema zibaki, nikapigiwa makofi. Sikuona haya wala furaha.

Mwalimu asema msichana akijitoa kabla ya Ijumaa, mwengine wa visiwani ataingia. Kesho asubuhi namwambia kweli. Wewe ukiipata barua hii tu, panda boti, uje na cheti chako.

Nasikia makubadhi ya Baba ngazini. Siku zote nimsikiapo, daftari ninaloandikia mimi hulitia chini ya mto. Leo barua iko mezani, na mlango wafunguliwa nikiandika jina langu.

Nduguyo,
Fahima