Samli ya Saa Sita Mchana

Bukhayo,
S.L.P. 63,
Busia.
Tarehe 6 Machi, 1978.

Mpendwa shemeji Akol,

Pokea salamu zangu, nyingi kama mvua hii iliyoanza juzi. Hujambo? Nasimiyu na watoto hawajambo? Na kile kikohozi ulichokuja nacho Krismasi, kimekuacha? Mimi ni mzima kabisa. Gunia la mahindi bado nainua peke yangu. Wazee wa rika langu hapa wanatembelea fimbo, lakini fimbo yangu mimi ni ya kufukuza mbwa.

Utashangaa mwandiko huu. Barua zetu huwa anaandika Jentrix, bibi ya kijana wangu. Hii naandika mwenyewe, leo siku ya tatu, maana kuna jambo sitaki Jentrix alijue. Usicheke herufi. Nilisoma mpaka darasa la pili na nilikuwa namba moja, mwalimu mwenyewe aliniogopa.

Jambo ni la dada yako Apolot. Usishtuke, yuko hai, sasa hivi nasikia anagombana na kuku. Lakini mwezi wa kumi na moja alianguka shambani, tukampeleka hospitali. Wewe ulipokuja Krismasi alinikataza nisikuambie. Daktari alisema moyo wake una shida, mishipa ya damu imebanwa na mafuta. Aache samli, aache mafuta ya nyama. Nikamwambia, daktari, sisi mgeni wa heshima tunampa nini? Mama akizaa tunampa nini? Si samli? Akanijibu, "Mzee, yale mabaya ni yale yanayoganda. Yasiyoganda yana nafuu, na hata hayo kidogo tu."

Shemeji, hapo ndipo akili yangu ilianza kuzunguka, na unajua akili yangu si ya kuzunguka ovyo. Jentrix alinunua mafuta ya mkebe. Anasema yanatoka kwa mimea, ni mazuri. Nikafungua. Yameganda, meupe kama mafuta ya kondoo! Mafuta ya simsim ya kwenu Malaba nayo hayagandi. Halafu Ochuodho, yule anayetuletea samaki kutoka Sio Port, akaja na chupa ya mafuta ya yule samaki mkubwa mgeni, mbuta. Huyo ukimweka kwa moto anajikaanga mwenyewe mpaka sufuria inajaa. Wengi hapa wanamkataa, wanasema huyu si samaki, ni ng'ombe wa majini. Na mafuta yake hayagandi. Sasa ya mmea yanaganda, na ya mnyama hayagandi. Mwongo ni nani?

Niliamua kupima mwenyewe. Mimi si mtu wa kuambiwa tu. Niliweka vifuniko vinne juu ya jiwe nyuma ya ghala: samli, ya mkebe, simsim na mbuta. Asubuhi samli imeganda. Saa sita, jua limewaka, samli imekuwa maji matupu! Nilifurahi sana. Nikasema kumbe huyu daktari alisahau kutuambia saa. Asubuhi ni mbaya, mchana ni nzuri.

Kosa langu lilianzia hapo, na wewe ndugu yake lazima ulijue. Dada yako alikuwa amekonda. Mtu niliyemtoa kwenu amejaa, nguo zilikuwa zinamning'inia, na Jentrix anampa mboga ya kuchemsha na chumvi. Niliogopa. Ndiyo, mimi. Nikachukua kibuyu, nikawa natikisa maziwa mwenyewe huko nyuma ya ghala, mzee mzima, kazi ambayo mwanamume akionekana nayo hapa atachekwa mpaka Khunyangu. Nilitikisa vizuri kuliko wanawake wote wa hapa, hiyo lazima isemwe. Kila siku saa sita, samli ikishakuwa maji, nilikuwa namtilia kijiko kikubwa kwa uji. Siku zingine vijiko viwili. Nimefanya hivyo kwa miezi miwili.

Na akanenepa! Uso ukang'aa. Nikajua nimemshinda daktari.

Alhamisi iliyopita alishika kifua, akakaa chini hapo mlangoni. Jasho lilimtoka kama maji na hakuweza kunijibu. Jentrix alikuwa sokoni. Nilimshikilia tu mpaka pumzi ikarudi, halafu nikamwambia yote, kijiko kwa kijiko. Kisha akasema, "Baba Petronilla, unafikiri mimi sina pua? Nilijua siku ya kwanza."

Nikamuuliza, sasa mbona ulikuwa unakunywa?

"Nilikuona na kibuyu. Miaka arobaini hujanichotea hata maji ya kuoga. Ningemwaga aje?" Akacheka mpaka nikamwambia aache, kifua kitarudi.

Tangu siku hiyo sijamtilia kitu. Lakini sielewi, shemeji. Kama samli ni mbaya, kwa nini alinenepa? Wewe unafanya kazi kiwanda cha mafuta huko Nairobi. Mnayafanya nini mafuta ya mmea mpaka yanaganda? Na hili ndilo linaninyima usingizi: ndani ya mtu kuna joto kama saa sita. Samli inagandaje huko? Nimeuliza katekista, hajui. Ochuodho anasema anajua, lakini yeye anauza. Niambie ukweli hata kama ni mchungu. Ni mimi nimemrudishia ugonjwa?

Daktari wa hapa nimeshindwa kumwangalia machoni. Baada ya Pasaka namleta dada yako kwako, mtutafutie daktari wa moyo huko. Ndiyo, najua niliapa sitakanyaga Nairobi. Habari ya kibuyu nitamwambia huyo daktari kwa mdomo wangu mwenyewe, wewe usinitangulie.

Mwambie Nasimiyu chakula cha dada yako asikitie mafuta, ya mkebe wala ya nini, mpaka tujue. Na kwa sahani yangu asitie pia. Si kwamba mimi naumwa. Ni kwamba siwezi kula yangu ikinukia na yeye ananitazama.

Nisalimie watoto wote, pamoja na Okedi mdogo wako. Petronilla binti yetu anawasalimu, amejifungua salama. Mungu awafunike nyote, na awaweke mpaka tuonane.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye hata ukinikasirikia,

Methuselah Ojiambo.