Jembe Ndani ya Begi

Mtaa wa Mapendo, Goma

Yaya wangu Kahindo,

Watoto wangu wako muzima, na maharage yangu yametoa vizuri.

Ila bwana yangu, Papa Jeancy, ananishangaza. Anapanga kupanda milima ya kwao Masisi kwa miguu, eti kujifurahisha tu na wenzake wa korali. Mutu ambaye kutoka hapa mpaka Birere, pale karibu tu, anachukua pikipiki! Kila jioni anajaribu viatu huku anaimba peke yake.

Jana nilifungua begi yake. Pulover hakuna, na kule juu ni baridi. Kuna suti, na jembe jipya limefungwa ndani ya kitenge.

«Ni la kusawazisha pa kulala,» alinijibu.

Unakumbuka jembe alilomuletea Papa yetu alipokuja kuniposa, namna Papa alicheka akauliza mbuzi ziko wapi? Kwao ndivyo wanaomba binti.

Jembe jipya nimelificha, nitalimia. Ndani ya kitenge nimefunga lile la posa yangu, lile Papa alinipa nije nalo, ambalo nimelima mpaka limebaki kama kijiko.

Akalifungue mbele ya wakwe wapya.

Mudogo wako, ambaye amemupikia hata chakula cha njiani,
Kasoki