Gari Lisilo na Kiti cha Nyuma

Jumamosi, 3 Machi

Limefika! Naandika na mikono bado inanuka ngozi ya usukani. Viti viwili. Viwili tu! Paa la kitambaa unalikunja nyuma, unabaki wewe na mbingu. Rangi ya bluu iliyokolea, imepauka kidogo kwenye boneti — hata mimi nimepauka, tutaelewana.

Mke wangu alitoka na pini za kushonea mdomoni, akalizunguka mara moja. Wajukuu watakaa wapi? Hawakai. Mtungi wa gesi? Haukai. "Sasa mzee, hili ni gari au ni kiatu?"

Sikumweleza vizuri. Nimeendesha wakurugenzi tangu nikiwa na nywele. Wakurugenzi wa kila aina, na wote walikaa nyuma yangu. Wakikohoa, punguza mwendo. Wakikunja gazeti, tumechelewa. Watu niliowajua kwa kipande cha paji la uso kwenye kioo. Nikaapa: siku nikistaafu nanunua gari lisilo na kiti cha nyuma. Kiinua mgongo chote kimeingia humo. Basi.

Majirani wameshalipa jina. Kipara.

Jumapili, 4 Machi

Asubuhi mke wangu kanikatalia kupanda. Jioni katoka mwenyewe, kafunga kitambaa kichwani, kaingia. Kuingia kwenyewe ni kazi — gari liko chini, inabidi ujimwage kama nguo chafu kwenye beseni. Akajimwaga. Tulicheka hadi mlinzi wa jirani akasimama kututazama.

Tukashika barabara ya bwawani. Upepo! Ukitaka kusikika lazima upaze sauti, nadhani ndiyo maana alisema. Kumbe aliwahi kuitwa akasimamie karakana ya ushonaji, mji mwingine, mshahara mzuri, nyumba juu. Wakati huo mwanetu anaanza shule. Mimi sikujua hata chembe. "Ungerudi nyumbani siku ile ningekuambia. Hukurudi. Kesho yake nikawakatalia." Alisema kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya. Nikakaza macho barabarani.

Miaka yote hiyo nilikuwa nje ya milango ya watu, nangoja mikutano iishe.

Nimemwambia tuwe tunatoka kila jioni. Kasema tutaona. Lakini namsikia anapekua kabati, anatafuta kitambaa kizuri zaidi.

Alhamisi, 8 Machi

Nimegonga pipa la taka. La kwetu wenyewe! Linakaa palepale siku zote, kushoto, karibu na nguzo ya geti. Wala siwezi kusema nilichelewa kuliona. Hapakuwa na kitu, halafu kishindo. Gari liko chini mno, hilo ndilo tatizo.

Mke wangu alisema pole. Akaliinua pipa.

Jumatatu, 12 Machi

Kwa fundi rangi. Kaonyesha alama tatu, zote kushoto. Ya pipa naijua. Ya pili naikumbuka kwa mbali. Ya tatu — sijui imetoka wapi. "Mzee, hili gari lina adui upande huu," kasema. Tukacheka.

Wakati wa kurudi, kwenye taa nyekundu, nikafumba jicho la kulia. Kujaribu tu. Taa ikapotea. Nguzo yake nayo ikapotea. Nikabaki hivyo hadi wa nyuma wakaanza kunipigia honi.

Jumatano, 21 Machi

Daktari wa macho ni binti mdogo, mpole. Kaniweka kidevu kwenye mashine, kanipa kidude mkononi: kila ukiona nukta ya mwanga, baba, bonyeza. Nikabonyeza chache. Nikangoja zianze kuja vizuri. "Tumemaliza, baba." Nikamwambia mbona hazijaanza? Akawa anapanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangika.

Presha ya macho. Mimi nilijua mtoto wa jicho, wanakupasua, unaona. Hapana. Kilichokwenda hakirudi, tunachunga kilichobaki. Jicho la kushoto limekwenda karibu lote. La kulia linafuata, linaliwa kutoka pembeni.

Kaniuliza, unaendesha? Nikasema nilikuwa dereva. "Afadhali umestaafu. Usiguse usukani tena, baba. Utaua mtu." Nikaitikia ndiyo, daktari. Nikamshukuru. Nikatoka, nikaingia garini, nikaendesha hadi nyumbani.

Mke wangu: wamesemaje? Wamenipa matone. Si uongo. Matone hayo hapo mezani.

Ijumaa, 23 Machi

Siwezi kujitia matone. Yote yanaishia shavuni. Ananitia yeye, kichwa changu mapajani mwake, vidole vyake vigumu kwa sindano. "Usipepese." Asubuhi na jioni. Leo nilitaka kumwambia palepale. Nikafungua mdomo kabisa. Akanipa leso, akidhani nataka kupiga chafya.

Alhamisi, 29 Machi

Leo nilikuwa nimedhamiria kuacha usukani. Uongo nimeuandaa tangu mchana: betri imekufa. Saa kumi na moja natoka kibarazani niuseme — naye keshakaa garini! Kitambaa cha manjano. Kanitazama kama msichana anayengoja kupelekwa dansi.

Betri ikafufuka. Ningefanya nini mimi?

Siku hizi anaongea mno tukiwa njiani. Zamani alikuwa anaongea mambo yake, sasa anaongea mambo ya barabarani. Yule mwenye baiskeli pale kushoto kavaa shati zuri. Tazama mbuzi wale wanavyojisogeza. Lori hilo mbona limepaki vibaya? Najiambia furaha imemlegeza ulimi. Nimepita salama kila mahali. Kusema kweli naendesha vizuri kuliko wiki mbili zilizopita. Huenda matone yanafanya kazi!

Jumanne, 3 Aprili

Niandike ilivyokuwa, nisipambe.

Tulikuwa tunarudi, karibu na duka la vifaa vya ujenzi. Mke wangu alikuwa ameinama, kiatu kimemtoka. Barabara nyeupe. Nikakata kushoto. Nikasikia amepiga ukelele, mkono wake ukatua juu ya usukani, ukauvuta. Tukapanda juu ya mchanga wa watu. Injini ikazimika.

Kulikuwa na mama. Mtoto mgongoni, ndoo mkononi. Ndoo ilikuwa chini inabingirika. Akaja akapiga boneti kwa kiganja, tena na tena. "We mzee! Hunioni?"

Nikamwambia sikukuona, mama. Ndilo neno pekee la kweli nililolisema mwezi mzima. Akadhani namkejeli, akalia kwa hasira. Mtoto alikuwa amelala tu. Hakuamka hata kidogo.

Msambaza saruji wa pale dukani ndiye aliyetuletea gari nyumbani.

Jikoni nikamwambia mke wangu yote, daktari na mashine na nukta. Alikuwa anakatakata kitunguu, hakuacha. Kasema alijua tangu siku ya pipa. Aliniona nimelielekea kama naliendea kulisalimia.

Sasa ule mdomo wote wa barabarani! Mbuzi, baiskeli, lori —

"Ulifikiri nini? Kwamba napenda mbuzi?"

Nikamuuliza, kwa nini hukusema? Akaweka kisu chini. "Ungeacha. Na mimi kila siku nilikuwa nasema, jioni moja zaidi. Moja tu." Halafu: "Leo nimeinama kuvaa kiatu, mzee. Kiatu! Ningeua mtoto wa mtu kwa sababu ya kiatu."

Alilia. Nami sikujua niende upande gani wa meza.

Jumapili, 8 Aprili

Gari limefunikwa turubai. Jioni tulikaa sebuleni. Tumezoea kupaza sauti. Humu ndani hakuna upepo, sauti hazijui zitoke vipi. Yeye kashona. Mimi nikasikiliza cherehani.

Saa kumi na moja alinyanyua kichwa, kama mtu aliyeitwa. Akaendelea.

Jumamosi, 14 Aprili

Mwanetu kaja, mama yake ndiye aliyempigia. Alikuja amejiandaa kugombana, naona hata maneno alikuwa ameyapanga. Nikampa funguo kabla hajakaa. Akachanganyikiwa. "Baba, usione kama nakuadhibu." Najua, mwanangu.

Keshapata mtu wa kulinunua gari, daktari wa meno, kijana, hajaoa. Atakuja kulichukua Jumatatu ya tarehe ishirini na tatu. Mwanetu kamsifia gari simuni kama mwuza ng'ombe. Nilimsikiliza. Ni kweli yote aliyosema.

Funguo kamwachia mama yake azitunze. Si mimi.

Jumanne, 17 Aprili

Jambo la ajabu. Mke wangu kaniita uani. Kaondoa turubai, kakaa kiti cha kulia. Miguu haifiki vizuri, kaweka mto mgongoni. "Hii ya katikati ni ya nini?"

Nikamwambia mama, njoo ndani, una miaka sitini na moja.

"Sikukuuliza miaka yangu. Nimekuuliza hii ya katikati."

Breki. Ya kushoto klachi, ya kulia mafuta. Nikakaa kiti chake. Sikuwahi kukikalia! Kiko chini hata kuliko changu, au ndivyo anavyohisi mtu asiye na usukani. Kazima injini hadi nikaacha kuhesabu. Jirani akachungulia juu ya ukuta, akauliza kama tunahitaji kusukumwa.

Alhamisi, 19 Aprili

Tumekwenda nyuma ya kiwanda kilichofungwa, uwanja mtupu, hakuna wa kuua. Hadi kule alitukokota kijana wa fundi rangi.

Anajua cherehani, kwa hiyo mguu wake una akili. Klachi kaielewa haraka. Gia ya kwanza, ya pili. Ya tatu anaiogopa, anasema mkono unamwambia mbali mno. Basi anakwenda na ya pili tu, injini inalia kama mbwa aliyefungiwa, naye kakunja uso, kitambaa kimemwangukia shingoni.

Mimi nisiyeona nusu ya uwanja — nimekaa pale nakanyaga sakafu! Mguu wa kulia unakanyaga wenyewe. Napiga kelele: ukuta! Ukuta uko mbali, ananiambia, huo ni mwembe tu, tulia. Nilikuwa nimeona kivuli chake.

Mwishowe alisimama katikati ya uwanja. "Mzee, unakanyaga breki ambayo haipo. Unanitia hofu kuliko ukuta."

Kumbe ndivyo walivyokuwa wale wakurugenzi wa nyuma, wenye vikohozi. Nadhani nao waliogopa. Sikuwahi kuwaza hivyo.

Nimemuuliza, unajifunza ya nini, Jumatatu linaondoka? Akawasha tena.

Jumapili, 22 Aprili, jioni

Naandika kibarazani, daftari magotini, herufi kubwa.

Baada ya matone alinawa mikono, kafunga kitambaa cha manjano. Nikajua. Nikanyanyuka nitafute viatu. Kasema, "Wewe baki."

Nikamwambia hujawahi kuingia barabarani. Huna leseni. Hujui ya tatu.

"Na wewe huoni, na ulinibeba mwezi mzima."

Nilimshika mkono hapo mlangoni, nikamwambia basi nikae kando yako, nitanyamaza, nitakunja miguu. Kanitazama — nadhani alinitazama, alikuwa upande wa kushoto. Kasema anataka kwenda mara moja tu peke yake, hadi bwawani na kurudi, ajue lilivyo. Maisha yake yote kapelekwa. Alisema kwa upole. Ningeweza kusimama mbele ya geti. Nilifikiria. Halafu nikaenda nikamfungulia.

Kazima mara moja. Akawasha. Akapita nguzo, hakuigusa. Nikamsikia akikata kulia, akipita kwa mlinzi, akipita dukani. Gia ya pili. Gia ya pili. Halafu kona, na sikumsikia tena.

Simu yake imelia mezani, kaiacha. Mwanetu. Anataka kujua kama nimetoa vitu vyangu garini, mteja anakuja asubuhi. Mpe mama niongee naye. Nikasema katoka. Na nani? Peke yake. Kwa miguu? Nikahamishia simu sikio la pili. "Baba. Kwa miguu?" Nikamwambia sisikii vizuri, mtandao mbaya, nikakata.

Sasa mvua imeanza. Si kubwa bado. Paa kaliacha wazi, na namna ya kulifunga sikumfundisha, sikufika huko. Lami ikilowa kwenye kona ya bwawani huteleza — najua kila dereva aliyetumbukia pale. Kwenda na kurudi angekuwa amefika. Au kasimama, anashindwa kuondoka. Au anakwenda polepole, hilo nalo lawezekana.

Nimetoka hadi getini na mwavuli, nikarudi. Nione nini pale? Taa zote ni duara moja jeupe. Nimekaa hapa, nasikiliza. Pikipiki. Basi dogo. Gari la dizeli, si hilo. Jingine, laini, la gia zinazojibadilisha zenyewe — silo.

Mvua inaongezeka.

Kuna moja linapanda kutoka chini dukani. Linalia. Ni ya pili hiyo, habadilishi, anaogopa — au ni mtu mwingine tu, mjinga mwingine na gari lake. Linapanda. Badilisha, mama. Kanyaga klachi yote, usiangalie mkono, tia ya tatu —