Mstari wa Vareriya

Da Valeria,

Asubuhi hii ukungu umepanda kutoka ziwani mpaka kwenye madirisha ya ofisi yetu hapa Nengo, Gisenyi, na Goma ng'ambo ya mpaka haionekani kabisa. Asubuhi za namna hii ulikuwa unasimama mlangoni na chai yako ukisema, "Goma iko inalala bado," halafu unapiga miayo wewe mwenyewe. Leo nimesimama palepale, na kikombe chako kilekile cha bati. Nikaona haya, nikarudi kukaa.

Nina habari. Programu yako imevuka.

Najua ungenigombeza kwa kuanza bila salamu. Bon, nakusalimu. Mama yako hajambo. Bado anavuka mpaka na vitenge vyake, na akipita hapa huingia akakaa kwenye kiti chako. Kompyuta yako haikukaa sana baada ya ile homa kukuchukua. Siku moja ilizima, haikuwaka tena. Tumepewa nyingine, ila hii haiijui Pascal, lugha ya kompyuta uliyoandikia, ikabidi programu nzima iandikwe upya kwa lugha ya C, mstari kwa mstari. Mwenyewe ulikuwa ukisema, "Siku moja tutaivusha, Irari." Nilidhani tutaivusha pamoja.

Sikuivusha peke yangu. Ulipotaka programu iwe huria, kila mtu aichukue, aisome, aibadilishe, airudishe, mimi nilikuona unaota. Nani huko duniani atahangaika na programu ya Gisenyi ya kutafuta watu waliopotezana vitani? Sasa binamu yangu Didas anaituma kwa barua pepe kutoka Kigali, na watu tusiowajua hata sura wanatusaidia. Mmoja yuko nchi ya baridi, mbali kabisa. Yeye ndiye aliyeandika upya sehemu inayolinganisha jina la anayetafutwa na majina tuliyoletewa. Disketi ya Didas ilikuja na basi dogo, nikaiweka, ikafanya kazi haraka mpaka nikapiga makofi.

Halafu akaja mzee Rukara kutoka Kanama. Anamtafuta binti yake. Nikaandika jina la binti, Rukara kama la baba yake, kompyuta ikajibu hakuna. Nikaandika tena, hakuna. Mzee alikuwa ameweka kofia magotini, anatazama kioo kana kwamba mtoto atatokea hapo. Nilimwomba asubiri kidogo, akatoka kukaa barazani. Nililaza kichwa mezani.

Nadhani nilisinzia. Nilikuona unatembea pwani ya ziwa, miguu ndani ya maji, kitenge umekikunja mpaka magotini. Ulikuwa unasoma programu mpya kwa sauti. C hukuwahi kujifunza, lakini uliisoma yote, na kwa sauti yako ileile, kila amri ya "else" ikawa "erise," kila "while" ikawa "wairi." Ukungu ulikuwa unafungua njia mbele yako na kufunga nyuma. Nikawa nacheka usingizini. Mara ukasimama. Ukayatazama maji kama mtu aliyeacha ufunguo nyumbani, ukarudi nyuma hatua chache, ukasoma tena palepale, ukasimama tena. Hukuniangalia.

Nilipoamka nilijua pa kutafuta.

Unakumbuka nilivyokutania? Mimi niliyekulia Kigoma, nilikuwa nakuuliza mchana unakula wali au wari. Wewe ukajibu, "Mi nakula. We unaongea." Ulibatizwa Valeria ukajiita Vareriya, na mimi Hilari ukanifanya Irari, na nilijitia kuchukia. Kumbe uliweka masikio yako ndani ya programu. Mstari mmoja tu, unaogeuza kila L kuwa R kabla ya majina kulinganishwa, kwa sababu jina moja huku litaandikwa hivi na ng'ambo litaandikwa vile, na mwenye jina hasikii tofauti yoyote.

Mstari huo haukuwemo katika programu mpya. Niliuandika kwa C, nikauliza tena. Likatokea jina la binti, limeandikwa Lukala. Yuko Goma, kwa masista, mzima.

Nilimwita mzee nikamsomea. Nilisoma "Rukara," kama ungesoma wewe. Akaniomba nisome tena. Nikasoma tena, kisha sauti ikanikatika, na yeye ndiye aliyenishika bega kunituliza. Angalia mambo.

Barua ya yule mtu wa mbali ilifika baadaye. Ameandika kwa adabu sana kwamba alikuta kosa, herufi mbili tofauti zimehesabiwa kuwa moja, akalisafisha. Nilikasirika kuliko anavyostahili. Angejuaje? Wewe hukuandika maelezo hata neno moja katika programu nzima. Nilipokusihi uandike, ulisema, "Mwenye hajui ataniuliza." Vareriya jamani. Atakuuliza wapi sasa?

Nimemjibu polepole, bila hasira. Nilimweleza habari za wali na wari, na za jina lako. Amejibu kwamba mstari ubaki, na ameomba niandike maelezo kando yake ili mwingine asije akaufuta. Nilikaa muda mrefu nikitafuta maneno sanifu ya Kigoma. Yote yalikuwa makavu. Mwisho nikaandika kama ungesema wewe: "Huku kwetu R na L iko kitu moja. Vareriya ndiye alisema. Usitoe."

Ukungu umeanza kuondoka. Naona paa za Goma, chache tu, zinaelea. Mama yako atapita sasa hivi, na leo nitamsomea huo mstari, nione kama atacheka.

Lala salama, dada yangu. Hii C nayo itazeeka, watu wataivusha programu kwenda lugha nyingine ambayo mimi na wewe hatuijui. Nakuahidi, nikiwa hai, kila itakapovuka nitasimama pale pa kuvukia nihakikishe nawe umevuka. Hapa ofisini hakuna tena anayekosea jina langu, na siwezi kulizoea hili la Hilari walilonibakizia.

Ni mimi,
Irari